Uvimbe Mpole

Kinyozi hajinyoi, ndivyo watu wanavyosema, lakini huyu alikuwa akijinyoa kila Jumatatu, tena bila kusumbuka sana na kioo. Mtaa ulimwita Wembe kwa ajili ya mkono huo, na kwa ajili ya ulimi pia. Aliyeketi kwenye kiti chake alitoka amepunguzwa nywele na amepunguzwa majivuno. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi mtaa wa pili, amezungukwa mchana kutwa na mashati ya watu wa ofisini, na wenzake kazini walimwita Bi Pasi. Jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na aliamini kwamba hakuna kunjo lisilonyooka ukilipa muda na moto.

Lalamiko la kwanza halikuwa la ugonjwa. Lilikuwa la kiburi.

"Mumeo siku hizi ana kiburi," fundi viatu alimwambia Bi Pasi akipita. "Namsalimia, ananipita kama nguzo."

Baadaye muuza maji akasema hivyohivyo. Halafu wateja. Walikaa kwenye benchi la pembeni, wanakohoa, wanaaga kwa hasira, na Wembe hata hageuki. Bi Pasi alimsema mumewe usiku huo mpaka akachoka, kwamba salamu hailipiwi, na Wembe akaapa kwamba hajamwona mtu yeyote kwenye benchi tangu wiki ianze. Mkewe alidhani ni kejeli zake.

Kisha vichwa vikaanza kurudi. Mwalimu mmoja alirudi na kichaka juu ya sikio la kushoto, akaketi, akakinyooshea kidole. Katikati ya kichwa Wembe alinyoa kama zamani. Pembeni aliacha magugu. Vijana wakapata la kusema: wembe umekuwa butu. Naye akacheka nao, akawaambia huo ni mtindo mpya, kwao haujafika. Lakini bega lake la kulia lilikuwa na alama ya fremu ya mlango, na la kushoto vilevile, na mtu hagongani na mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa mtindo.

Mpima macho wa sokoni ndiye aliyeshtuka. Alimfanya atazame mbele, akasogeza kalamu kutoka pembeni, akamwambia aseme akiiona. Kalamu ilifika karibu na pua ndipo Wembe akasema, "Hiyo." Mpima macho akaweka miwani yake chini. "Macho yako ni mazima, fundi. Tatizo liko nyuma yake. Nenda hospitali kubwa."

Hapa inabidi niseme jambo kuhusu ukoo huu, la sivyo mtawaona wajinga, na hawakuwa wajinga. Mama yake Wembe alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Alikaa nao akiuficha chini ya khanga, na siku alipokubali kupasuliwa akarudi nyumbani na bandeji, akafa kabla mvua hazijakatika. Kaka yake Wembe, msimamizi wa ghala la mbao, ndiye aliyemfunga mama yao ile bandeji, na ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya hapo. Kwenye nyumba hiyo uvimbe na kansa lilikuwa neno moja, na kisu kilikuwa ndicho kilichomwua mama.

Kwa hiyo daktari wa hospitali kubwa aliposema, picha ikiwa inang'aa ukutani nyuma yake, "Kuna uvimbe chini ya ubongo," Wembe alimshika mkewe mkono akawa kama anamvunja vidole. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu. Aliona nyuso zao akaharakisha kuwatoa hofu.

"Sikilizeni. Kwa picha hii na vipimo vya damu, huu ni uvimbe mpole. Sio saratani."

Wembe akalia. Mwanamume mzima, kinyozi wa watu, akalia kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia, kisha akacheka, akamkumbatia mkewe, akataka kumkumbatia na daktari. Bi Pasi naye alikuwa analia. Daktari aliendelea kuzungumza. Bi Pasi aliona midomo yake ikienda, aliona kalamu ikigusagusa picha, akaitikia kwa kichwa kila mara kama mtu mwenye adabu, na hakusikia hata neno moja. Ukishaambiwa hunyongwi, nani anasikiliza hakimu anamalizia nini?

Nyumbani ikawa sherehe. Kaka alikuja na majirani, akamshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, akamtazama. "Mpole," akasema. "Mpole ni mpole. Tumshukuru Mungu." Neno likapata makazi. Wembe akaligeuza jina la mtu. Asubuhi alijigonga utosi akauliza, "Mpole, umeamkaje?" Dukani wateja walimwuliza hali ya Mpole, naye akawajibu kwamba ni mpangaji mzuri, hana makelele.

Siku moja alikuwa akimimina chai, akaimimina kando ya kikombe. Iliteremka mezani, ikafika pembeni, ikaanza kumdondokea gotini, na yeye anaendelea kumimina na anaendelea kuongea. Bi Pasi aliitazama ile chai, na kilichomjia akilini ni uso wa daktari. Haukuwa uso wa mtu anayetoa habari njema. Akaomba ruhusa kazini, akarudi hospitali peke yake.

Alimkuta daktari koridoni.

"Dada daktari, mume wangu anazidi kutoona. Na ulituambia sio saratani."

"Sio. Lakini niliwaambia pia utolewe mapema. Hamkurudi."

"Ulituambia saa ngapi?"

"Mlipokuwa mnakumbatiana."

Daktari hakusema kwa ubaya. Alimkalisha kwenye benchi, akamweleza upya, taratibu, na safari hii Bi Pasi alisikiliza kwa mwili mzima. Saratani, alisema daktari, haina mipaka. Inapenya nyama ya jirani, huwezi kuona vizuri inaishia wapi, na chembe zake zinasafiri na damu kwenda kuanzisha makao mapya kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye mifupa. Uvimbe mpole hausafiri. Unakua pale ulipoota, kingo zake mara nyingi zinaonekana, na ukitolewa wote, mara nyingi habari yake imekwisha.

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni pale ulipoota. Ungeota mgongoni angeweza kuzeeka nao. Lakini ndani ya fuvu hakuna nafasi, na mfupa hautanuki. Unapanda juu polepole, na hapo juu imepita mishipa ya macho. Inabanwa. Ndiyo maana pembeni haoni."

Bi Pasi akafikiri. "Kama kokoto kwenye kiatu."

"Kiatu ambacho huwezi kukivua."

"Shemeji yangu anasema uvimbe ukiguswa na kisu unakasirika, unageuka kansa."

Daktari akapumua. Alishalisikia hilo mara nyingi. "Kisu hakiugeuzi. Watu wanamwona mgonjwa amepasuliwa, amekufa, wanalaumu kisu. Kumbe kansa ilishasambaa kabla hajafika kwetu. Mlete. Mishipa ikibanwa kwa muda mrefu, hata tukiuondoa uvimbe, macho yanaweza yasirudi."

Bi Pasi alitembea kwenda nyumbani akirudiarudia maneno hayo njiani, kama mtoto aliyetumwa dukani. Aliamini, maskini, kwamba kazi kubwa imekwisha. Kwamba akishajua, na wao watajua.

Jioni hiyo alisema yote mbele ya mumewe na shemeji yake. Alisema vizuri, hata kokoto hakuisahau. Alipofika kwenye upasuaji, kwamba wanapitia puani, Wembe akashika pua yake. "Hii? Hii nimepewa ya kupumulia." Akacheka, na mkewe alijua kicheko hicho, ndicho alichokuwa akikitoa akiogopa.

Kaka hakucheka. "Shemeji, daktari alisema sio kansa. Alisema au hakusema?"

"Alisema, shemeji. Lakini unakua. Ni mpole kwa sababu hausambai, si kwa sababu haudhuru. Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Mama yetu alikuwa anatembea. Anapika, anafua. Walipomkata tu, basi. Mimi niliiona ile bandeji, wewe hukuiona." Akamgeukia taratibu, na alichosema hakukisema kwa hasira, ndiyo maana kiliuma zaidi. "Sisi tumeambiwa sio kansa, tumefurahi. Wewe unarudi hospitali peke yako kutafuta neno lingine. Kwani unataka iwe kansa?"

Bi Pasi akamtazama mumewe amjibie. Wembe alikuwa anatazama mbele tu, kwenye ule ufito mwembamba wa dunia uliokuwa umebakia machoni pake, na mkewe hakuwa ndani yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Bi Pasi alilijua hilo, na alimpenda shemeji yake kwa jinsi alivyomlea mumewe. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Angemtukana, wangegombana, watu wangeamua. Unagombana vipi na mtu anayemlinda unayempenda? Tena kichwa hakikuwa chake. Aliwahi kumwuliza daktari kama yeye anaweza kuweka sahihi, na daktari akasema mgonjwa ana akili timamu, sahihi ni yake. Mtu mzima habebwi mgongoni.

Basi akabaki kuangalia. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote: kujua kila kitu na kuangalia. Alijua kwa nini mumewe ameanza kushika ukuta. Alijua kwa nini amewaambia wateja kwamba mashine imeharibika na duka limefungwa kwa matengenezo. Akiwa kazini, pasi mkononi, alijikuta amesimama na shati la mtu linaungua, na mwenye duka akamfokea, naye akaomba radhi huku akiwaza kama leo ule ufito umepungua kwa upana wa uzi au wa kidole. Kila siku alisema, kwa upole, kwa ukali, kwa kubembeleza, akiwa amepiga magoti siku moja. Wembe alimjibu, "Mama, kaka amesema tusubiri kidogo." Aliwachukia wote wawili kwa dakika nzima, kisha akamletea maji ya kuoga na kumwelekeza mkono wake kwenye ndoo.

Wembe mwenyewe ndiye aliyefika mwisho wa kusubiri. Alikuwa amesimama sebuleni, mchana, mlango uko wazi, akasema, "Mke wangu, uko wapi?" Bi Pasi alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa. Akamwambia, "Niko hapa." Wembe akanyoosha mkono akapapasa uso wake, paji, pua, mdomo. "Nipeleke," akasema. "Usimwulize mtu."

Madaktari wakapitia puani, wakautoa uvimbe wote. Maabara wakaukata vipande, wakautazama, wakaandika kwamba haukuwa saratani. Daktari alimwita Bi Pasi pembeni kumwambia mengine: kwamba mishipa ilikuwa imekuwa myembamba sana, kwamba macho mengine huanza kurudi mapema, mengine huchukua miezi, mengine hayarudi, na kwamba yeye haahidi. Bi Pasi alisikia kila neno. Alitamani angekuwa yule wa mwanzo, aliyekuwa akiitikia tu.

Kaka alisikia habari ya maabara. Alikuja hospitali akapiga makofi mara moja, macho yamejaa machozi. "Nilisema. Tangu siku ya kwanza nilisema sio kansa." Ungemjibu nini? Alikuwa sahihi.

Waliporudi nyumbani wageni walijaa sebuleni. Fundi viatu alikuja, mwalimu wa kichaka alikuja, majirani wakakaa mpaka mlangoni. Walimpongeza Wembe kwa kupona, naye alikaa kwenye kiti kikubwa, pamba bado iko puani, kichwa ameinua, anageukia kila sauti kwa heshima. Alisema anaona mwanga. Alisema kila siku kuna nafuu. Kaka, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kifo, akasimama mbele yake.

"Haya mdogo wangu, waonyeshe watu. Hivi vidole vingapi?"

Akainua viwili, karibu kabisa na uso.

Wembe akasogeza kichwa mbele. Akakipeleka upande mmoja, akakirudisha, kama alivyokuwa akikagua kisogo cha mteja.

"Vinne," akasema.

Mkono wa kaka ulibaki hewani, na Bi Pasi aliona uso wake ukielewa, polepole, kila kitu alichokuwa akielezwa miezi yote ile. Kisha, taratibu, kidole cha tatu kikainuka. Na cha nne.

"Vinne," kaka akasema. "Umepata."

Akamtazama shemeji yake juu ya kichwa cha mdogo wake, kwa macho ya mtu anayeuliza tufanye nini sasa. Bi Pasi alikuwa amesubiri sana aulizwe hivyo, na sasa hakuwa na chochote cha kumpa.

"Umepata, baba," akasema naye.

Wembe akacheka, kicheko chake chenyewe cha dukani, akauliza kati ya wageni nani ana haja ya kunyolewa.