Dholki, mwanamume aliyetaka kunivunjia ndoa hapa Sur

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kisa hiki sijakitia chumvi. Kwa aibu iliyomo mtaona wenyewe kwamba mtu hawezi kujitungia.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Niko Sur, Oman, fundi wa AC. Mke wangu Nasra kazaliwa hapahapa, mama yake ndiye aliyetoka Unguja zamani.

Sasa Kiswahili cha Nasra kina mambo yake. Ngeli kwake ni moja tu, kila kitu mtu. "Chai kapoa." "Gari kazimika." Siku za fungate nilicheka mpaka machozi. Baadaye nikazoea, hata sisikii tena.

Miezi ya karibuni akaanza kutoka kila alasiri. Anakwenda kwa mama yake, ng'ambo ya daraja, Aija.

Sawa.

Lakini anarudi uso unang'aa, viganja vyekundu, anaimba jikoni kwa lugha nisiyoijua. Nikimuuliza, "Hakuna kitu, habibi."

Wakuu, mimi nina wivu, sifichi. Mke wangu akimsifia muuza samaki kwa kukata vizuri, wiki hiyo nyumbani tunakula kuku.

Siku moja nikamsikia anamtumia voice note binamu yake, Rahma:

"Rahma, Dholki yuko kwako au kwa mama? Wallah nimemmiss. Jana nimemlaza mapajani mpaka miguu kafa ganzi. Na sauti yake, ya Rabbi, nene! Usimwambie Salim lakini. Mpaka nimzoee kwanza."

Salim ndiye mimi.

Dholki! Kwa jina hilo nikajua ni Mhindi, na nikaanza kuwakagua Wahindi wote wa mji huu. Fundi cherehani, muuza simu, dereva wa lori la maji. Kila mwenye sauti nene nikamwona ndiye. Duka la vipuri nilimuuliza muuzaji jina lake, akasema Rafiq, nikamwambia, "Una uhakika?"

Nikaamua naenda kwa mama mkwe, Bi Zuwena, nimkabidhi mwanawe, yaishe. Neno la talaka lilikuwa mdomoni, nimevuka nalo daraja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kitako unywe kahawa."

"Sikuja kunywa kahawa, mama. Nasra ana mwanamume. Anaitwa Dholki."

Bi Zuwena akaweka dele la kahawa chini. Akanitazama. Halafu akaangua kicheko, wakuu, mpaka ushungi ukamwanguka.

"Nasra! We Nasra! Hebu mtoe huyo mwanamme wako, mumeo ataka kumwona!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Nasra katoka, kakumbatia ngoma.

Ngoma!

Gogo la mbao lililochimbwa ndani, limewambwa ngozi pande zote mbili. Upande mdogo una sauti nyembamba. Ule mkubwa umepakwa dawa nzito kwa ndani, ndio wenye hiyo sauti nene iliyonikosesha raha. Kamba zake zina pete, ukizivuta ngozi inakaza, hamna kuota moto kama ngoma zetu za Pemba.

Aliyemfundisha ni mke wa yule fundi cherehani, mama wa Kipakistani. Kwao harusi haiwi harusi bila dholki. Wanawake wanakaa chini, mmoja anapiga, mwenzake mbele yake anagonga lile gogo la ngoma kwa kijiko, wengine wanaimba kumsimanga bwana harusi na mama yake. Nasra alikuwa anajifunza kwa siri ili apige siku ya hina ya dada yangu, aliyekuwa anaolewa hapahapa Sur. Dada YANGU, wakuu.

Nikacheka, cheko la aibu. Nasra hakucheka.

"Umekuja kunirudisha?"

Macho yangu yakaenda kwenye ngoma.

"Kwa sababu ya Dholki?"

Akaiweka ngoma chini polepole, akarudi ndani. Bi Zuwena naye kicheko kikamkatika.

Hina ikafika. Ndani wanawake watupu. Mimi nje na wanaume, haluwa mkononi, nasikia ngoma inalia na vigelegele havikatiki. Wake za watu wote wamemwona Nasra akipiga, mimi mumewe nimeambulia ukuta. Niliwaonea wivu mpaka watoto wa mikono waliobebwa kuingia mle.

Funzo nililopata: kabla hujatamka talaka, uliza ngeli.

Tumesuluhishana, alhamdulillah, ananipikia na tunaongea. Ila jikoni haimbi tena. Juzi nikamwomba anipigie ngoma, mimi peke yangu, hata kidogo, na kijiko nimeshakishika. Akaniangalia, akasema:

"Dholki bado anakuogopa."

Mara hii sikuona kosa la ngeli.

Wakuu, chekeni kwanza, ni haki yenu. Mkimaliza mnishauri: mtu anayeogopwa na ngoma ndani ya nyumba yake anaanzia wapi?