Vijikaratasi vya Hindawiya

Kila nikiwasomesha wanafunzi wangu hapa Riyadh habari za Waingereza wa kale, waliochapa vijikaratasi kutukanana juu ya ibada na juu ya kodi, ilipwe na nani na iliwe na nani, hucheka peke yangu. Wao wanaona mambo ya ajabu. Mimi namwona baba na kaka yake, Jeddah, kwenye jengo letu la mtaa wa Hindawiya.

Sisi tulikaa chini, baba mkubwa ghorofa ya juu. Waligombana kwa sababu ya maulidi. Baba mkubwa alitaka yasomwe kwake kila mwaka, na pilau itoke kwenye mfuko wa Wazanzibari, ule ambao kila nyumba huchangia. Baba akasema maulidi ni bidaa, uzushi katika dini, na mfuko ni wa kuzikia maiti, si wa kuwashibisha walio hai. Basi wakanuniana, salamu hakuna. Wakawa wanajibizana kwa vijikaratasi, vinapitishwa chini ya milango ya Wazanzibari wote mtaani.

Na mpiga chapa nani? Mimi! Hakuna kati yao aliyejua kompyuta. Asubuhi namwandikia baba, "Ewe mla pilau ya marehemu." Jioni napanda ngazi, baba mkubwa ananiambia, "Andika mwanangu: mdogo wangu elimu yake haijai kijiko cha chai." Kisha kila mmoja ananiuliza kwa siri, mwenzake kakasirika? Wallahi walinichosha, na siku zile nazitamani mpaka leo.

Halafu kafili wa baba mkubwa, yule Msaudi mdhamini wake, akakataa kumtengenezea ikama, kibali cha kuishi. Halas, arudi Unguja. Nikawa namwomba Mungu waseme japo neno moja kabla hajaondoka. Safari ilipokaribia baba mkubwa akaniita, akaniandikisha karatasi ya mwisho: "Mdogo wangu ana haki. Mfuko ni wa maziko. Nimekubali."

Nikampelekea baba, nikidhani atafurahi. Loo! Uso ulimwiva, akapanda ngazi bila viatu, akagonga mlango kwa ngumi.

"Nani kakwambia ukubali, Kaka? Ukikubali, mimi nitabishana na nani?"

Walibishana mpaka adhana ya alasiri, wanalia huku wanatukanana, mimi nimekaa ngazini sina kazi. Baba mkubwa akaondoka Alhamisi. Tangu hapo baba akisikia wapangaji wapya wanatembea juu, hunyamaza katikati ya neno.