Jeki ya Lloyd Pascoe

Hapa Marree, kijiji chetu cha Australia pembezoni mwa jangwa, mtu hasifiwi kwa gari lake, husifiwa kwa jinsi alivyolipakia. Na kwa kupakia, Lloyd Pascoe hana mpinzani. Kazi ya reli alishastaafu, mkewe alishafariki, lakini kila majira ya baridi lazima avuke jangwa la Simpson na Lendikruza yake. Vizito huviweka chini, mbele ya ekseli ya nyuma, na vyepesi juu. Maji huyagawa kwenye madumu kadhaa, ili moja likitoboka asife kiu. Birika hukaa mlangoni kabisa, maana ndilo la kwanza kutakiwa popote anaposimama.

Mwaka huu bintiye Raelene alikuja kutoka Port Augusta na neno lake.

"Baba, umri umekwenda. Kabla hujaondoka, badilisha tairi hapa uani, peke yako, gari likiwa na mzigo wote. Ukishindwa, funguo naondoka nazo."

"Mimi nilikuwa nabadilisha matairi wewe hujaota meno."

"Sasa meno ninayo. Nionyeshe."

Majirani tukasogeza viti. Mimi watoto wanaowatungia wazazi mitihani siwapendi, na moyoni nilikuwa upande wa mzee. Akalegeza nati chapuchapu, akaweka kipande cha ubao ili jeki isizame mchangani, akageuka kuichukua. Hapo akabaki anautazama mzigo.

Jeki ni nzito. Kwa hiyo aliipanga na vizito wenzake, chini kabisa, akaikalisha friji juu yake, na sanduku la vipuri, na madumu yote ya maji.

"Jeki iko wapi, Baba?"

"Ipo. Imelala."

"Iamshe basi."

Nilicheka hadi chai ikanipalia, kisha nikaona haya, kwa sababu uso wa mzee ulikuwa umesawajika. Bila funguo zile angebaki kukaa barazani kuhesabu magari ya wenzake. Akaanza kushusha, dumu baada ya dumu. Raelene aliponyanyuka kumsaidia, mzee akamkata: "Umesema peke yangu."

Jua lilikuwa limeshapanda alipoitoa. Baada ya hapo hakukuwa na kazi tena: gari likainuka, tairi likatoka, la akiba likaingia, nati zikakazwa. Akaanza kupakia upya, na safari hii jeki akaiweka nyuma ya kiti cha dereva. Pale ilipokuwa mwanzo pakabaki pengo. Lloyd hapendi pengo, huufanya mzigo ucheze. Akawa anazungukazunguka akitafuta cha kuziba.

Raelene akaenda kwenye gari lake, akarudi na tandiko la kulalia lililofungwa kwa mikanda.

"Ziba na hili."

"La nani?"

"Langu. Likizo niliomba tangu mwezi uliopita. Funguo kaa nazo, uendeshe wewe."

Lloyd akalishindilia tandiko polepole mno, amempa kila mtu mgongo.

"Una kilo ngapi?" akauliza.

"Baba, hayo hayakuhusu."

"Mzigo wowote unaopanda humu unanihusu."

Kisha akaingia ndani, akarudi na kikombe cha pili, ambacho hakikuwa kimepanda gari lile tangu mama yake Raelene afariki, akakipanga kando ya birika.