Kifaransa cha Theluji

Mwalimu wetu wa kwanza wa Kifaransa alikuwa hodari kupita kiasi. Alivaa abakosi, lile koti zito la kiserikali lisilo na tai, hata jua la Kalemie lilipochoma, na fimbo yake ilijua sarufi kuliko sisi. Mwaka mzima tulikariri habari moja ya theluji. Hakuna aliyewahi kuiona, pengine hata yeye, lakini tuliitamka bila kukosea, na wazazi walisimama dirishani wakifuta machozi ya furaha. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Kuomba maji kwa Kifaransa sikuweza, lakini nani aombe maji na ziwa lote lile liko pale?

Mwaka uliofuata tukaletewa mama mmoja kutoka Kirungu, na balaa likaanza. Hakuwa na fimbo. Alituacha tuseme Kiswahili darasani, eti ajue kwanza tunataka kusema nini. Kila Ijumaa mzazi mmoja aliitwa, akaketi mbele yetu na kueleza mambo yake: wavu ulivyochanika, muhogo ulivyooza. Mtoto wake alisimama kando akiyasema yale yale kwa Kifaransa. Mwalimu alikunja mikono tu.

"Usiongeze, usipunguze," alituambia. "Maneno si yako."

Wazazi wakaenda kwa direkta wa shule kushtaki, mama yangu akiwa mbele.

"Huyu mama hafundishi! Hapigi batoto, na siye njo tunamufanyia kazi!"

Direkta aliahidi kulichunguza jambo hilo, yaani alirudi ofisini kusinzia.

Kabla ya Ijumaa ya mama yangu kufika, tumbo lilimwangusha akianika dagaa. Alikuwa na mimba changa. Hospitalini daktari alikuwa mgeni, Kiswahili hajui, na muuguzi wa kumtafsiria alikuwa amekwenda kuzika. Daktari akanigeukia mimi: mama amezaa mara ngapi, na alizaaje? Nikaitafuta theluji kichwani. Haikunifaa kitu.

Mama alitazama ukuta.

"Umwambie nilizaa batano. Batatu nilibazika mbele ya weye kuzaliwa. Ule wa tatu alitoka na damu kama hii ya leo, karibu nikufe."

Mimi, niliyewatambia wenzangu miaka yote kuwa mimi ni kifungua mimba! Niliona aibu, nikaumia, nikatamani nimwambie daktari amezaa wawili tu, mimi na mdogo wangu, yaishe. Lakini nilisema watano. Nilisema watatu wamekufa. Nilisema damu. Daktari hakungoja nimalize. Aliita machela, wakamkimbiza chumba cha upasuaji.

Alipozinduka aliniuliza, "Ulimwambia munganga yote?"

"Yote, Mama."

Alifumba macho, akanishika mkono mpaka akalala.

Miezi miwili baadaye zamu yake ilifika. Mshtaki wetu mkuu alikuja na kitambaa kipya kichwani, akaketi mbele ya darasa na kueleza jinsi ya kuanika dagaa wasiingie mchanga. Wale watatu hakuwataja. Nami, kando yake, sikuongeza.