Redio na Gari la Mwalimu

Kiwanda cha misumari kilimlisha, kisha kikamla. Aliingia akiwa na miaka ishirini na moja, akatoka akiwa na thelathini na tatu, na siku zote hizo mashine zilikata waya mbele yake kwa kishindo kilichomfuata mpaka kitandani. Alipoomba vizibo vya masikio, msimamizi alimwambia, "Utazoea." Na kweli alizoea. Masikio ndiyo hayakuzoea. La kushoto lilizimika kabisa; la kulia likabaki kusikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Walipomhamishia kwenye kufagia, eti kazi nyepesi, aliulaza ufagio juu ya meza ya msimamizi, katikati ya karatasi zake, akaenda zake nyumbani.

Kwa kuwa hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, aliongea kwa nguvu. Mafundi wa karakana alikoajiriwa baadaye wakambandika jina: Redio. Mwingine angenuna. Yeye aliwaambia redio haizimwi na kila mpita njia, akaendelea na mazungumzo yake.

Karakana ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Alimchukua kushona viti na dari za magari, na katika kung'oa mazulia na paneli za milango Redio akajifunza kazi ambayo hakufundishwa na mtu: kunyamazisha gari. Aligundua kwamba bati tupu ukiligonga kwa kifundo cha kidole hubaki likitetemeka chini ya kiganja, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Ukilibandika kipande cha mpira mzito wa lami, ule wenye mgongo wa alumini, mtetemo unakufa papo hapo. Wenzake walisikia tofauti hiyo. Yeye aliishika.

Wateja wakaanza kuja kwa ajili ya kazi hiyo, na shemeji aliisifia kwa kila aliyeingia. Ila kila mara alimalizia hivi: "Fundi mwenyewe hasikii, lakini usiwe na wasiwasi, nasimamia mimi." Redio aliyasoma maneno hayo midomoni mwake hata akiwa ng'ambo ya pili ya karakana. Kwa miaka minne aliyameza kwa ajili ya dada yake.

Asubuhi moja akaja mwanamke wa miaka sitini na saba, mwalimu mkuu mstaafu, akiendesha gari la spoti la kijani lenye milango miwili, limelala chini kama paka anayenyemelea. Kutoka ndani yake kulikuwa na utaratibu: kwanza mguu mmoja, kisha mkono kwenye fremu ya mlango, kisha pumzi, kisha mwalimu mzima. Hakuna aliyethubutu kwenda kumsaidia.

"Watoto wangu wameniambia niliuze, ninunue gari la mtu mzima," alisema. "Nikawauliza, hapa mtu mzima ni nani?"

Shemeji akacheka kwa adabu. Mwalimu akaeleza shida yake. Barabarani tairi zilinguruma mpaka kichwa kinauma, na mlango mmoja ulikuwa ukichezacheza kama kopo la njugu. "Lakini injini msiniguse. Sikununua gari hili nikae ndani yake kama niko maktaba. Nataka kumsikia yeye, hao wengine wanyamaze."

"Tuachie, Mwalimu. Fundi wangu hasikii, lakini usiwe na..."

"Hasikii," Redio alidakia, akija huku anafuta mikono, na sauti yake ikajaa karakana nzima. "Lakini bado anaongea. Mwalimu, upande wangu mzuri ni huu wa kulia. Niambie kelele inaanzia mwendo gani."

Mwalimu alihamia upande wa kulia, akamweleza kwa nusu saa.

Siku ya kwanza Redio alitoa viti, akang'oa zulia, akafungua paneli za milango na kupanga klipu zake za kubania kwenye mabakuli. Alipita na kidole, akigonga na kusikiliza kwa kiganja: sakafu, kizingiti, ukuta wa nyuma ya viti, bati la nje la mlango. Palipotetemeka sana alichora duara kwa chaki. Shemeji alichungulia, akataka kujua kwa nini asibandike kila mahali ili amalize mapema.

"Gari la mbio ukilivisha makoti matatu litatembea kama bibi harusi," Redio alimjibu. "Robo ya bati inatosha, mradi iwe robo ile inayotetemeka."

Siku ya pili, akiondoa sponji kuukuu iliyoganda chini ya miguu ya abiria, vidole vyake viliingia kwenye unyevu. Aliipapasa sakafu, akainusa. Kutu. Si ile ya juu juu inayokwaruzika kwa msasa. Ilikuwa imekula bati mpaka bisibisi inazama kidogo ukiisukuma. Maji yalikuwa yanaingia mahali, siku nyingi.

Akamwita shemeji. Shemeji aliinama, akaangalia, akainuka.

"Bandika juu. Ule mpira unazuia maji."

"Unazuia yasitoke. Sakafu itaoza chini yake, na siku moja abiria wa Mwalimu atakanyaga barabara kwa kisigino."

"Hiyo siku ikifika tutaongea. Nimemwahidi Ijumaa."

"Mimi sibandiki juu ya kutu."

Mafundi wawili waliokuwa wakifunga gurudumu waliacha kufunga. Shemeji alimsogelea, akasema polepole, akitamka kila neno kwa midomo mipana kama mtu anayemsemesha mtoto. "Karakana hii ni ya nani?"

"Ni yako. Na mikono hii ni ya nani?"

Saa saba dada yake alifika na chakula cha mumewe, kama kawaida yake, akakuta habari imeshafika kabla yake. Alimvuta Redio nyuma, kwenye matairi yaliyopangwa, akamkalisha.

"Mdogo wangu, mwenye nguvu mpishe. Bandika tu. Ni gari la watu, si letu."

"Nilimpisha kiwandani miaka kumi na miwili, dada. Akapita juu ya masikio yangu."

"Akikufukuza mimi nitakaa vipi na mume wangu?"

Hilo lilimchoma. Aliutazama uso wa dada yake, aliyemwamsha kwenda shule, aliyemjazia fomu ya kiwanda kwa mwandiko mzuri. "Utakaa naye kama unavyokaa," alisema, na safari hii alijitahidi sauti iwe ndogo. "Mimi sitakuomba umchague mtu. Na wewe usiniombe nimdanganye yule mama."

Dada alibeba vyombo vyake akaondoka bila kuaga.

Kwenye simu Redio hakusikia maneno, kwa hiyo aliipiga picha ile kutu, bisibisi ikiwa imesimama ndani yake, akamtumia Mwalimu na kuandika chini: "Hii ndiyo sakafu yako. Nimeambiwa niifunike. Nimekataa. Njoo uone." Alisoma tena, akafikiria kuondoa sentensi ya katikati, akaiacha.

Mwalimu alifika kwa teksi baada ya saa moja. Alipiga magoti kwenye saruji yenye mafuta, akatia kidole palepale, akakitazama.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. Kisha akamgeukia mwenye karakana, aliyekuwa ameanza kujitetea kwa ahadi ya Ijumaa. "Ijumaa ilikuwa yako, baba. Mimi sikuiomba."

Shemeji alisema fundi hana mamlaka ya kumwandikia mteja. Alisema mtu asiyesikia hawezi kuelewa maagizo. Alisema mengi, na mwisho akasema lile alilokuwa ameliandaa: gari hili likitoka, Redio akusanye vitu vyake.

"Sawa," Redio alimjibu. "Basi, gari hili la mwisho nitalifanya vizuri."

Walimwaga maji kwa kopo juu ya kioo cha mbele, sentimita kwa sentimita, Redio akiwa amelala sakafuni kifudifudi na mkono umeingia nyuma ya dashibodi. Kwenye kona ya chini, raba ya kioo ilikuwa imepasuka. Maji yakamteremkia mpaka kwenye kwapa. Kioo kikatolewa, kikarudishwa na raba mpya. Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amemcheka kwa kukataa kubandika, alikata bati lililooza na kuweka jipya, hakucheka tena. Redio alipaka rangi ya kuzuia kutu, akasubiri ikauke kweli. Kisha akafuta bati kwa spiriti, akapasha mpira moto mpaka ukalegea, akaukandamiza kwa rola ndogo ya chuma hadi mistari ya alumini ikalala bapa. Matundu ya kutolea maji chini ya milango aliyaacha wazi yote, akahakikisha kwa waya. Juu ya mpira akaweka sponji mpya, kisha zulia. Ukuta wa upande wa injini hakuugusa.

Jumanne ya wiki iliyofuata walitoka wawili kulijaribu.

"Unaonaje?" Mwalimu aliuliza walipofika barabara kuu.

"Usiniulize mimi. Ngurumo ya tairi nina miaka sita sijaisikia. Niambie wewe."

Mwalimu alisikiliza kwa kilomita nzima. "Zimekwenda mbali," alisema. "Kama mvua ya mtaa wa pili. Na injini ipo. Inaimba." Alikanyaga mafuta, na Redio akaihisi ikipanda kwenye uti wa mgongo, kiti kikimsukuma, akajikuta anacheka kwa sauti yake yote. Mwalimu naye akacheka, ingawa alilazimika kuziba sikio moja.

Mlango wa kulia ulikuwa bado na mchezo kidogo. Redio aliweka kiganja juu ya paneli, akakisogeza, akakuta klipu haijashika. Akaikandamiza kwa ngumi.

Jioni ile alikusanya vitu vyake: rola, mikasi, cherehani, mabakuli ya klipu. Shemeji alikuwa ofisini, mlango umefungwa.

Alipata banda nyuma ya duka la mbao, lenye paa zima na mlango mpana wa kupitisha gari. Kibao alikiandika mwenyewe, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: TUNAONDOA KELELE ZA MAGARI. FUNDI HASIKII VIZURI, SEMA KWA SAUTI. Mwenye duka la mbao alimshauri afute sentensi ya pili, akisema itafukuza watu. Redio akaipaka rangi mara ya pili, ikakolea.

Wiki tatu hakuja mtu. Wiki ya nne Mwalimu alimleta mwenzake mstaafu, na huyo akamleta mkwewe. Shemeji hajawahi kukanyaga pale. Dada alikuja mwezi wa pili, mchana kweupe, akapita mlango wa mbele na bakuli la chakula, akaketi kulia kwa Redio. Yale waliyoambiana siku ile kwenye matairi hawakuyagusa. Walikula.

Hawajamaliza, akaingia kijana mwenye gari linalopiga makelele mpaka mbao za jirani zikatikisika. Alisoma kibao, akasoma tena.

"Sasa wewe usiyesikia, utajuaje kama kelele zimeisha?"

"Utaniambia wewe," Redio alisema, akinyoosha mkono. "Lete ufunguo."