Nyeusi Iliyochuja

Machi 1989 nilimpoteza mume wangu. Aliugua kifua, tukamzika kijijini kwetu Kasense siku ya mvua. Matanga yalipoanuliwa nilikwenda mjini Sumbawanga kununua kitambaa cheusi. Miaka ya nyuma ungepanga foleni, ukifika mbele unaambiwa kimekwisha. Sasa maduka ya watu binafsi yalikuwa yamejaa majora ya kila rangi, na mimi nikachagua jeusi lililong'aa kuliko yote, nikashonewa gauni.

Kwetu mjane alivaa nyeusi mpaka misa ya mwaka. Mimi si mtu wa kulia kwa sauti; hata makaburini nilikaa kimya, na ndugu wa mume walilisema hilo. Kwa hiyo gauni lile ndilo lililonisemea. Lakini kufika Juni, upepo wa baridi ulipoanza, lilikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, na shingo yangu ilikuwa nyeusi kuliko gauni.

Mama mkwe, niliyekuwa nakaa naye, alilitazama likiwa kwenye kamba.

"Naona msiba wako unakwisha mapema," akasema.

Asubuhi yake nikajifunga kaniki ya kuazima kwa jirani, nikalitia gauni kikapuni, nikaenda mjini.

Muuzaji alinikumbuka. "Pole mama, karibu." Nilipolitoa gauni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa majora.

"Hilo ni la msiba?"

"Ndiyo. Limechuja."

"Usiliweke mezani. Nguo ya msiba hairudi dukani, mama, utaniletea mkosi."

"Liangalie tu, kaka."

"Naliangalia kutoka hapa. Umelifua na nini?"

Ningeweza kusema sabuni, nikaishia hapo. "Sabuni. Ilipokwisha, majivu."

"Majivu." Akawageukia wateja. "Mmesikia? Kitambaa anakifua kwa majivu, halafu kosa langu."

Watu wakacheka. Nikaanza kulikunja gauni. Mwanamke mmoja alikuwa anapimiwa kitambaa cha jora lile lile, cha sketi za kwaya yao.

"Subiri, usikate," akamwambia muuzaji. Akalowesha leso yake nyeupe kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, akasugua pembe ya jora. Leso ikawa nyeusi.

"Hiki nacho kimefuliwa kwa majivu?"

"Hilo ni vumbi la safari, dada."

"Vumbi jeusi hivi? Tukinyeshewa njiani, kwaya nzima tuimbe na miguu ya mkaa?"

Wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi. Muuzaji akashusha jora jingine, zito, akaomba ile leso, akasugua kwa upande uliobaki safi. Haikushika rangi. Akapima, akakata, akanisukumia kitambaa.

"Chukua, mama."

"Na hili je?" Nikamwonyesha gauni. "Siwezi kuchukua viwili kwa bei ya kimoja."

"Nakuomba, mama. Ondoka nalo."

Nikaondoka nalo. Fundi cherehani aliyekaa barazani pale alinishonea siku hiyo hiyo, nikalivaa gauni jipya na kushika njia ya Kasense. Nilipoyaacha majengo nyuma, mbele yangu kukawa na mashamba yaliyovunwa tu, nililia. Nililia kwa sauti, nikimwita mume wangu, kisha nikajifuta uso na kuendelea.

Mama mkwe alikuwa uani anapeta ulezi. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akainuka. Akalamba kidole, akasugua pindo la gauni kwa nguvu, akakitazama. Kilikuwa safi. Akanizunguka, akasugua tena mgongoni, akakitazama tena.

"Haya," akasema.

Akasogea kwenye mkeka. Nikakaa karibu naye, akanipa ungo, tukapeta ulezi mpaka ukaisha.