Malisho ya Mama Brijiti

Harufu ya siagi mbichi ndiyo iliyotupokea kila tulipofika kwa Mama Brijiti, harufu nzito ya chumvi na maziwa yaliyochacha, iliyochanganyika na moshi wa mikaratusi na baridi ya asubuhi ya milimani. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye na mumewe, Bwana Patriki, walitoka Ayalandi wakafika juu ya Lushoto na ng'ombe wawili waliokonda, kabla mimi sijazaliwa. Bibi yangu ndiye aliyewaonyesha majani yanayoua mifugo, na ndama wao wa kwanza alizaliwa mikononi mwake. Walikuwa wachapakazi, hilo siwanyimi. Ng'ombe wakawa kundi, kundi likataka malisho, na kila mwaka seng'enge iliteremka kidogo kuelekea bondeni kwetu.

Bibi alitusimulia kwamba siku moja Mama Brijiti alilia mbele yake, akimweleza kwa Kiswahili cha kuokoteza jinsi mwenye ardhi alivyoivunja nyumba ya babu yake huko kwao, wakalala barabarani kwenye mvua. Bibi alilia naye.

Msimu ule wa vuli tukaambiwa tuhame, bonde letu liwe malisho yao. Baba alikwenda kwa mkuu wa wilaya, akarudi mikono mitupu. Basi Bibi akanishika mkono, tukapanda kwa Mama Brijiti. Nilimwamkia shikamoo. Alikuwa akisukasuka maziwa, na hakuacha.

"Mama, karatasi zimeshapigwa mhuri," alisema bila kututazama.

"Sikuja kwa ajili ya karatasi," Bibi akamjibu. "Yule aliyemvunjia babu yako nyumba hakuwa akimjua. Wewe unanijua."

 Mama Brijiti akajaza maziwa kwenye kopo, akanipa mimi. Bibi hakuyagusa. Mimi niliyanywa yote njiani kwa njaa. Yalikuwa matamu, na hadi leo najichukia kwa utamu ule. Wiki hiyo hiyo nyumba yetu ikavunjwa.

Baada ya uhuru, wao waliondoka, lakini shamba halikurudi kwetu. Walipewa wengine, na leo nyumba kubwa ya Mama Brijiti na mumewe ni hoteli ya watalii. Ukutani pameandikwa kwamba walikuta pori tupu. Mwaka jana wajukuu wao walikuja kutoka ng'ambo, nami nikaitwa kama mzee wa eneo. Binti mmoja aliubusu ukuta akalia, akaniuliza kama ninawakumbuka. Nikasema ninawakumbuka. Hakuuliza zaidi. Wao wanavuka bahari na kukuta ukuta wa kulilia. Mimi ninaishi mwendo wa nusu saa kutoka nilipozaliwa, na nikitaka kupaona, mlinzi wa getini ananiuliza nina shida gani.